Mwari Hasemi

Watu wa Amu wanasema mimi nilimwoza Aaliya kwa hila. Wanasema wakiwa mbali. Wakinikaribia wananipa mkono, wananiuliza hali na wananisifia udi wangu. Mimi sina la kumwomba mtu radhi. Nitaieleza habari kama ilivyokuwa, kisha kila mtu aende zake na hukumu yake.

Mimi ni somo. Kwa asiyejua, somo ni mwanamke anayekaa na mwari kabla ya harusi, akamsinga mwili kwa liwa, akamfukiza udi, akamfundisha mambo ambayo mama mzazi anaona haya kumwambia bintiye. Nimewafundisha wanawake wengi wa mitaa ya Mkomani, na mamake Aaliya, Mungu amrehemu, alikuwa mmoja wao. Siku hizi kazi imelegea. Wasichana wanafundishwa na simu, wanaingia ndoani wanajua kujipaka wanja mpaka karibu na masikio, na zaidi ya hapo hawajui kitu.

Aaliya ni binti wa pekee wa Bwana Kamaludin, yule mwenye majumba anayowapangisha wageni. Alimaliza shule hapa, akaenda Nairobi, akapata shahada ya kwanza, akaingia ya uzamili. Siku moja nilimuuliza anasomea nini hasa, maana wenzake walishakuwa wauguzi na walimu. Akasema anasomea masomo ya wanawake na jinsia. Nikamwambia mbona hayo mimi nayafundisha bila ada. Alicheka mpaka akajifunika uso kwa buibui, kisha akaniuliza kama ningekubali anihoji.

Nilikubali kwa sababu nilimpenda. Yeye hakuwa na mama, nami sina binti. Likizo nzima alikuja kwangu na mkate wa mofa na maswali yake, tukakaa ukumbini, nikamweleza mengi. Aliniahidi mambo mawili: kwamba jina langu halitatajwa, na kwamba hakuna mwanamume atakayeyasikia maneno yangu. Moja tu sikumwambia, lile fundisho la mwisho ambalo mwari hupewa akiwa amebakisha siku moja kuingia kwa mumewe. Hilo hata mwanamke mwenzangu wa rika langu simwambii ukumbini tukinywa kahawa.

Kumbe kulikuwa na mkutano wa watafiti katika hoteli moja huko Shela, na Aaliya alisimama mbele ya watu, wanaume kwa wanawake, akasoma niliyomweleza. Sikujua lolote mpaka nilipokwenda gatini kungoja boti ya Chundwa, nina msiba. Akanijia bwana mmoja wa bara anayeitwa Nicodemus, karani wa ofisi za serikali, mtu ambaye tangu ahamie hapa tunaamkiana tu. Akasema kwa sauti, wachukuzi wote wanasikia, "Mama Barka, nimepata mafunzo yako kule Shela. Ile ya mwanamke kutikisa shanga gizani ndiyo mzee ajue amesamehewa. Sasa bibi yangu utamfundisha lini?"

Wachukuzi walicheka. Mmoja wao nilimfundishia mkewe. Alicheka na yeye, kisha akanitazama kiunoni. Nina umri wa kuwa bibi yake. Niliingia ndani ya boti nikakaa nimewapa mgongo.

Niliporudi nilimuuliza Aaliya, naye hakukana. "Lakini sikukutaja, Bi Barka," alisema. "Nimekuandika Mhojiwa wa Pili." Amu nzima masomo tuliobaki ni wawili, na mwenzangu ni kiziwi. Nilimtazama nikaona kwamba kweli haoni kosa lake. Kwake yeye mimi nilishakuwa kitu cha kusomwa, na kitu hakitahayari. Nikamwambia yamepita. Hayakupita hata kidogo, lakini sikuwa na haraka.

Mwaka uliofuata alirudi. Tasnifu yake ilikuwa imekwama, maana wakubwa wake walitaka lile fundisho la mwisho ambalo hakuna aliyewahi kuliandika. Alinibembeleza sana. Nikamjibu kwamba hilo hapewi ila mwari aliyeposwa, akiwa ndani, harusi yake imeshatangazwa. Nikaiona akili yake inavyokwenda. Mwezi haukuisha nikasikia Aaliya amekubali posa ya Dawud.

Dawud anauza vipuri vya injini za boti. Alikuwa amemposa Aaliya mara mbili huko nyuma na mara zote mbili alikataliwa, hakununa, hakumsema vibaya. Kijana huyu akitaka kwenda kwa akina Aaliya alikuwa anasugua mikono kwa ndimu ili asiwapelekee harufu ya mafuta. Aliposikia amekubaliwa alikuja kwangu akanishukuru mimi, kama kwamba ni mimi niliyemlainisha. Nilitia shaka, lakini nikasema huenda msichana ameona utu wake.

Shaka iliisha juu ya nyumba ya akina Aaliya, nilipokwenda kuwasaidia kupika kabla ya harusi. Nyumba zetu za mawe jiko liko juu kabisa, na mtandao wa simu nao uko huko huko juu. Nilikuwa jikoni nakuna nazi, Aaliya akapanda akasimama upande wa pili wa ukuta akampigia msimamizi wake wa Nairobi, Daktari Jeruto. Alikuwa na furaha.

"Usijali, Daktari," alisema. "Harusi imepangwa Ijumaa. Jumatano au Alhamisi asubuhi nitapata hilo la mwisho, na Alhamisi hiyo hiyo mchana naingia boti, nashika basi Mokowe. Siwezi kuolewa kweli, jamani." Akasikiliza. "Dawud? Ataumia kidogo. Wanaume wa huku hawakawii kupata mwingine." Akasikiliza tena, akacheka. "Hapana, huyo bibi hajui kitu. Anafikiri nimetubu."

Huyo bibi ndiye mimi. Niliendelea kukuna nazi ile mpaka nikafikia kifuu, unga mweusi ukaingia ndani ya nazi iliyokunwa. Hasira niliyokuwa nayo haikuwa ya kupiga kelele. Ilikuwa ya kufanya kazi vizuri.

Nilishuka moja kwa moja mpaka kwa babake, nikamkuta barazani.

"Bwana Kamaludin, mwanao ataka kukutia aibu. Alkhamisi ataingia boti akimbie, akwatie harusi mikononi."

"Wayua kwa hakika?"

"Nimemsikia kwa masikio yangu haya."

Alikaa akizungusha pete kidoleni. Yeye si mtu wa kugombana. Ni mtu wa kupanga. "Basi nikaha tutaifunga Jumatano baada ya alasiri," alisema. "Dawud ntamwambia nimepata udhuru. Lakini nikimuuliza Aaliya idhini, akasema hapana?"

"Hatasema. Hilo niatia mimi, nitalimudu."

Kwetu nikaha hufungwa msikitini kati ya baba na mume. Bibi harusi hayupo. Kabla ya hapo baba huja na mashahidi wawili mlangoni mwa chumba, akamuuliza bintiye kama anamridhia huyo mtu. Mwanamke aliyewahi kuolewa sharti ajibu kwa ulimi. Bikira hahitaji. Akinyamaa, kunyamaa kwake ndiyo idhini. Aaliya aliyajua hayo kuliko mimi. Nasikia ameandika kurasa nyingi juu yake, na maneno makali.

Nilimweka ndani Jumapili. Nilimsinga, nikamfukiza, nikamfundisha yale yale niliyowafundisha wengine, sikumpunja. Alikuwa mwanafunzi hodari, nakiri. Jumatano asubuhi nikamwambia, "Leo hapana maneno. Tangu sasa mpaka nikupe ruhusa, mwari hasemi. Atakayekuya akakuuliza lolote usimjibu, wala kwa kichwa. Ukisema neno moya, mafunzo yavunjika, na la mwisho hulipati."

Aliitikia kwa macho.

"Na babako atakuya mlangoni na watu wawili akuulize idhini. Hayo ni mazoezi. Wafanya hivyo siku hizi, Ijumaa isiwe mtu ametahayari kasahau maneno. Wewe kaa kimya tu."

Hayo ya mazoezi niliyatunga mimi. Hakuna mazoezi, hayakuwahi kuwapo, na mtu yeyote aliyekulia Amu akiwa na macho yake angejua. Lakini Aaliya alikuwa ameshaacha kuangalia kama mtu wa Amu. Alikuwa anaangalia kama mtu aliyekuja kutuandika, na mtu wa namna hiyo akiambiwa kuna desturi mpya hafikirii kukataa, anafikiria ataiwekea kichwa gani cha habari. Uso wake uling'aa. Maskini, aliona amebahatika.

Walikuja baada ya adhuhuri. Pazia lilikuwa limeshushwa. Bwana Kamaludin akakohoa, akasema, "Aaliya binti Kamaludin, mimi babako nataka idhini yako nikuoze Dawud bin Jamaludin, kwa mahari mlosikizana. Waniidhini?"

Aaliya alikuwa amekaa kitandani, nami nimekaa karibu yake kiasi cha kusikia pumzi zake. Alinitazama macho yanacheka, kama mtoto aliyejificha nyuma ya mlango. Babake akauliza mara ya pili. Mara ya tatu sauti ilimtetemeka kidogo, na hapo nikaogopa, nikadhani msichana atashtuka. Hakushtuka. Alikuwa ameuma midomo asicheke.

"Bikira kunyamaa ndiyo idhini yake," alisema shahidi mmoja.

"Alhamdulillahi," akasema babake, wakaenda.

Aaliya alijigusa mdomo kwa kidole, ananiuliza kama sasa anaweza kusema. Nikamtikisia kichwa. Nilimweka kimya vile vile mpaka ikaadhiniwa alasiri, mpaka wakasali, mpaka nikasikia vigelegele vinatoka kwenye kichochoro na kuingia ukumbini. Wakaingia wanawake wa upande wa Dawud na sinia ya halwa. Mamake Dawud akamshika uso Aaliya kwa mikono miwili, akambusu paji, akamwita mkaza mwana. Alikuwa analia kwa furaha.

"Sasa wapewa ruhusa," nikamwambia.

Alikuwa bado anatabasamu. "Bi Barka, hata halwa nayo ni ya mazoezi?"

Alitazama sinia, akatazama machozi ya mama yule, kisha akanitazama mimi, na tabasamu likamtoka polepole. Nilikuwa nimelingoja jambo lile mwaka mzima, na nasema wazi, lilikuwa tamu.

Alimkimbilia babake bila hata kujifunika. "Baba, mimi sikukubali. Niliambiwa ni mazoezi."

"Nimekuuliza mara tatu," alisema Bwana Kamaludin. "Umesoma mpaka Nairobi, huyui maana ya kunyamaa?" Akarudi kuwakaribisha wageni.

Akapanda juu akampigia Jeruto. Nilimfuata, safari hii hakujali kama nipo. Aliiweka simu kwenye kipaza sauti juu ya ukuta, na sauti ya daktari ikasikika wazi. Kwanza alisema pole, akarudia pole. Aaliya akasema anakwenda kwa kadhi, ataeleza yote: kwamba uchumba ulikuwa wa kupata fundisho tu, na kwamba hakukusudia kuolewa.

"Ukisema hivyo mahakamani," akasema Jeruto, "kamati ya maadili itasikia. Utakuwa umewadanganya watu kwa ajili ya utafiti. Tasnifu itafutwa, na mimi pia nitaulizwa. Hakuna njia nyingine?"

"Kama Bi Barka atakiri kwamba alinidanganya pale mlangoni, basi. Sitalazimika kusema habari ya uchumba."

"Basi muombe. Lakini Aaliya, nisikilize. Andika kila kitu leo, kabla hujasahau. Maneno ya mzee, pazia, jinsi ulivyojisikia. Najua ni wakati mbaya, lakini hakuna mtu amewahi kupata kitu kama hiki kutoka ndani. Hii sura peke yake itabeba tasnifu nzima."

Aaliya alikata simu. Alikaa kwenye ukingo wa ukuta, na kwa mara ya kwanza nilimwona anajitazama kama mimi nilivyojitazama siku ile gatini. Akasema, "Bi Barka, nakuomba. Dawud anakuja. Mwambie tu ukweli wako, wangu nitajua mwenyewe."

Nikashuka ngazi.

Dawud alikuja kabla ya magharibi, amevaa kanzu mpya, mikono inanuka ndimu. Fununu zilikuwa zimeshamfikia. Hakuingia ndani. Alisimama ukumbini, akaomba niitwe mimi, na Aaliya akaja akasimama kwenye mlango wa chumba.

"Bi Barka," alisema, "nambiwa mke wangu alihadaiwa. Mimi sitaki mtu kwa hadaa. Ukinambia kwamba hakuyua lile ni swali la kweli, namwata sasa hivi kwa talaka, hapa nlipo, na sitamuuliza yeye wala babake kwa nini. Nitarudi dukani kwangu. Lakini nataka kusikia kwako, kwa kuwa wewe ulikuwa nae."

Alikuwa amekunja uso kama mtu anayengoja kudungwa sindano. Kijana mwema, yeye alikuwa hajanikosea lolote. Neno moja tu lilitakiwa, na la kweli. Nililikuta mdomoni, liko tayari. Kisha nikamtazama Aaliya, nikamwona amekunja mikono kifuani, ananitazama kwa subira, amekwisha kuwa na hakika kwamba bibi atafanya anavyotakiwa, kama alivyofanya likizo ile yote. Nikawasikia wachukuzi wa gatini wakicheka.

"Aliyua," nikasema. "Mwanamke aliyesoma hivi, hilo hawezi kukosa kuliyua. Aliona haya tu."

Dawud aliachia pumzi. Alitaka sana kuamini, ikawa rahisi. Akamwambia Aaliya kwa upole kwamba masomo yake hatamkataza, atakwenda Nairobi na kurudi, na yeye atamsafirisha. Aaliya hakumjibu. Dawud akauchukua ukimya huo nao kuwa haya, akaaga, akaenda kusali.

Aaliya hakunitukana. Usiku ule sikulala pale. Nilikwenda kwangu na nilikula vizuri.

Alhamisi asubuhi nilirudi kumaliza kazi, maana kazi ni kazi, na Ijumaa mume angeingia. Nilidhani nitakuta chumba kitupu. Boti zilikuwepo, na yeye ni mtu mzima, hakufungwa kamba. Lakini nilimkuta ameoga, amekaa pale pale kitandani. Begi lake lilikuwa limefungwa karibu na mlango, kisha likafunguliwa tena, nguo zimetoka nusu. Simu ilikuwa imezimwa juu ya rafu. Hakuwa na kalamu.

"Nimeposwa, nimeozwa," alisema. "Sasa nifundishe lililobaki."

"Kwa ajili ya kitabu chako?"

"Kwa ajili yangu."

Sikuwa nimejiandaa kwa jibu hilo. Nilitaka nimwambie hastahili, nimnyime, iwe ndiyo mwisho wa hesabu yetu. Lakini alikuwa mwari wa haki, na mwari wa haki sijawahi kumnyima. Nikafunga mlango.

"Lala," nikamwambia. Akalala chali. "Angalia yuu. Waona nini?"

"Boriti."

"Kutakuwa na siku utamtaka mumeo. Siku hizo hazitaki somo. Na zitakuwapo siku hutamtaka, nae ataya kwako. Siku hiyo usilie, usimsukume, usimgeuzie uso akaona chuki. Angalia yuu uhesabu boriti. Anza dirishani, enda polepole. Ukimaliza, anza tena. Ataondoka, na wewe utakuwa ulikuwa huko yuu, hakukugusa."

Aliziangalia. "Ndilo hili?"

"Ndilo."

"Hili ndilo mlilokuwa mkilificha miaka yote hii?"

"Hatufichi. Twangoja mtu awe ana haja nalo."

Nilidhani atalia. Macho yake yalikuwa makavu, yamekaza kwenye dari. Nikaanza kukusanya vyetezo vyangu na chupa za mafuta, nataka kutoka. Nilikuwa nimeshika komeo aliponiita.

"Bi Barka. Boriti za chumba chako cha harusi zilikuwa ngapi?"

Mume wangu amekufa zamani, na nyumba ile imebomoka, miti yake watu wamepikia. Lakini idadi ilinitoka mdomoni papo hapo, kama mtu aliyeulizwa jina lake. Aaliya aliitikia kwa kichwa. Kisha akageuza uso wake upande wa dirisha, akaanza kuhesabu.